Shokapu Ndefu na Jiwe la Mofu

Naandika nikiwa na hasira, na mtu wa darasa la saba akiandika kwa hasira huwa anaandika mengi kuliko anayoyajua. Nitajizuia. Lililo langu nitalisema, na lisilo langu sitalibeba.

Nilikuwa dereva wa pikapu ya kikundi cha akina mama wanaolima mpunga Mofu. Ni gari la zamani, linavuta kwa magurudumu yote manne, na nyuma limechomelewa mabomba ya watu kushikilia. Kazi yangu ilikuwa kuleta magunia na watu ghalani Ifakara. Kabla ya hapo nilikuwa naziba pancha za baiskeli sokoni. Aliyenipa funguo ni Mama Mwenyekiti, wenzake wakiguna kwamba huyu atatumwaga mtoni. Akawaambia, "Mtu anayeandika kila kitu kwenye daftari ni mwoga. Nataka dereva mwoga." Sikujua kama nimesifiwa. Lakini zile funguo nilizivaa shingoni, na mke wangu akaanza kuitwa mke wa dereva.

Wazo la shokapu ndefu lilikuwa langu. Nalisema mapema ili lisije likasemwa na mwingine.

Masika njia ya Mofu inachimbwa na matrekta na makundi ya ng'ombe mpaka mifereji inafika magotini. Gari likiingia pale kwa mshazari, gurudumu moja la nyuma linabaki juu, halifiki chini, linazunguka bure kama la cherehani. Siku moja nililala kwenye tope nikachungulia. Springi ilikuwa bado inataka kushuka. Kilichoizuia ni shokapu, lile bomba la kutuliza mtikisiko, imevutika mpaka mwisho wake, imeishikilia ekseli kama kamba inavyomshikilia mbuzi ambaye majani anayaona lakini hayafikii. Nikasema moyoni, huyu mbuzi aongezwe kamba.

Fundi wetu gereji yake iko njia ya kwenda Katindiuka, chini ya mabati matatu. Ni rika langu, tunaitana mkubwa. Nilipomweleza alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Mkubwa, umeanza kuwa fundi." Nilifurahi kupita kiasi. Akazipata shokapu kwenye gari bovu huko Kidatu, nzima kabisa, ndefu kuliko zetu kwa kiganja kizima. Akazifunga siku moja, na kwa haki niseme alizifunga vizuri. Bushi mpya, boliti zimekaza, hakuna kilichogongana na kingine.

Gereji ile ina desturi. Gari likimalizwa, fundi anapiga kelele, "Twangeni!" Kila aliyepo anapanda nyuma, wateja, wapita njia, hata mama muuza vitumbua na beseni lake, wanaruka kwa pamoja kama wanatwanga mpunga. Fundi anachuchumaa pembeni anaangalia gari linavyozama na kuinuka. Ndivyo tunavyopima magari bondeni kwetu, kwa uzito. Tunachoogopa ni mzigo. Hata siku moja sijaona gari likipimwa kwa kuning'inizwa.

Tulitwanga. Gari likazama taratibu, likainuka taratibu. Watu wakapiga makofi.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mfalme. Gurudumu lilishuka kwenye kila shimo, likashika, likatoka. Akina mama waliimba nyuma. Niliandika kwenye daftari kwamba hata wenye magari mapya wananisimamisha kuniuliza. Nikiisoma leo naona aibu.

Siku yenyewe tulitoka Mofu asubuhi na magunia na akina mama sita. Mama Mwenyekiti alikuwa nyuma juu ya magunia. Kiti cha mbele alikuwa amempisha mjamzito. Tukavuka mfereji mmoja mbaya, gurudumu la kushoto likashuka chini kuliko siku zote, nikalisikia likishika, nikacheka. Mbele kidogo kuna mteremko wa kuingia kwenye daraja la magogo. Nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni. Nikapampu. Breki za mbele zikashika kidogo, lakini kwenye tope kidogo ni sawa na hakuna. Handibreki ilikuwa mbovu tangu mwaka jana, na mimi nilikuwa najua. Nikachagua jaruba la mtu badala ya daraja. Gari likapanda tuta, likajilaza kwenye mpunga. Wanne wa nyuma waliruka. Mama Mwenyekiti alirushwa, akaangukia mkono wa kulia, na mfupa wa kifundo ukavunjika.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Mjamzito vipi?" Alikuwa mzima, bado yuko kwenye kiti cha mbele.

Nilimpeleka hospitali kwa bodaboda, nikarudi. Mzee mmoja wa Kisukuma alikuwa ameshaleta maksai wake wanne kulivuta gari. Aliniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, hawa wangu wana breki." Nilistahili. Sikumkasirikia.

Niliyemkasirikia ni aliyefuata. Fundi alikuja na pikipiki, akaingia chini ya gari akiwa ameshazungukwa na watu, akatoka na kipande cha mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kutoka kwenye chesesi mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Akakiinua wote wakione.

"Umekatwa na jiwe," akasema. "Dereva alikuwa anafukuza gari, jiwe likaruka, likakata. Poleni."

Jiwe! Mofu! Bonde lote lile ni tope la mto. Akina mama wa pale wanapikia juu ya vipande vya kichuguu kwa sababu hakuna mawe ya mafiga. Mtoto wa Mofu akitaka kumpiga kunguru anatupa dongo. Na huyu mtu amezaliwa hapa hapa, anajua, akasimama kwenye mpunga akasema jiwe, na watu wakageuka wakaniangalia mimi.

Alikitupa kile kipande, nikakiokota. Hakikuwa kimekatwa. Kilikuwa kimenyofoka penye kichwa chake cha chuma, nyuzi zimevutika, zimekonda. Nikaelewa pale pale. Zamani shokapu fupi ndiyo iliyokuwa inazuia ekseli isishuke sana. Tulipomwongeza mbuzi kamba, kamba fupi iliyobaki ikawa ule mpira. Kila shimo nililokuwa nashangilia lilikuwa linauvuta. Kazi ya kuangalia urefu wake ilikuwa ya nani kama si ya fundi?

Niliondoka na kile kipande mfukoni, na kwa siku nne nilimtukana fundi nikiwa peke yangu, kwa maneno ambayo sitayaandika. Kikundi kilitangaza kikao Jumamosi ghalani, ajenda moja, funguo zibaki kwangu au zisibaki. Nilipanga niingie, nikiweke kile kipande mezani, niseme jiwe liko wapi, nikae. Kazi iishe. Nilijifunza hayo maneno mpaka mke wangu akasema, "Yaandike basi, usije ukayasahau."

Nikafungua daftari niandike. Na kwa sababu nina tabia ya kurudi nyuma kujihakikishia, nikarudi kwenye ukurasa wa siku ya kufunga shokapu. Mwandiko ni wangu. Nanakili kama ulivyo:

"Leo shokapu zimefungwa. Fundi kataka tupige jeki gari lining'inie aone chini. Nimemwambia gari langu halitembei hewani. Watu wamecheka sana."

Nilikaa na ule ukurasa mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimesahau kabisa, au nilijisahaulisha, sina uhakika. Mimi ambaye shida yangu yote ilikuwa gurudumu linaloning'inia hewani, ndiye niliyesema hivyo. Na ile "watu wamecheka sana" iliniuma kuliko yote. Niliiandika kwa raha.

Mke wangu alisoma juu ya bega langu. "Huu ukurasa nao unaenda kikaoni?"

"Sijui."

"Unajua," akasema, akaondoka na vikombe.

Jumamosi nilisimama mbele ya akina mama wasiopungua thelathini. Fundi alikuwa ameitwa, amekaa juu ya gunia karibu na mlango. Mama Mwenyekiti alikuwa mbele, mkono ndani ya plasta, umefungwa shingoni kwa khanga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba, sema." Nikakiweka kile kipande mezani, nikaeleza kilivyovutika. Halafu nikasoma ukurasa. Wote. Mpaka kwenye kicheko.

Fundi akacheka, akapiga paja. "Mkubwa, soma tena hapo pa hewani!"

Wengine wakacheka. Masikio yangu yalipata moto. "Nimesoma langu," nikasema. "Sasa sema lako. Jiwe liko wapi?"

"Si umesema mwenyewe ulikataa jeki?"

"Nimesema. Jiwe liko wapi?"

"Aa, jiwe, jiwe. Mambo yameshajulikana, tusonge mbele."

Mama Mwenyekiti akaingilia kwa sauti ndogo. "Fundi, baba, lilikuwa la rangi gani?"

"Nini, mama?"

"Hilo jiwe. Nimelima Mofu tangu sijaolewa, sijawahi kuliona. Ningependa nilifahamu."

Ghala zima likaangua kicheko, mama mmoja akadakia, "Tuleteeni tupate figa!" Fundi akatazama viatu vyake. Nilimsubiri aseme neno moja tu, kwamba hakukuwa na jiwe. Mpaka leo hajalisema.

Wakanitoa nje wajadili. Nilipoitwa, Mama Mwenyekiti alinyoosha mkono wa kushoto. "Nipe funguo." Nikazivua shingoni. Nilitegemea hilo, nikampa. Halafu akamgeukia fundi, akampa yeye.

Hata fundi alishtuka. Mimi nilisema maneno mawili ambayo nimeshayaombea radhi.

"Tulia," Mama akaniambia. "Wewe umesema kosa lako. Huyu hajasema. Nikimwacha gereji ataona jiwe kwenye gari la mtu mwingine tena. Akikaa juu ya hizo breki mwenyewe, na sisi nyuma yake, atachungulia." Kisha akainua ile plasta kidogo. "Na wewe siwezi kukupa leo, mkono huu ukiwa hivi. Mkono huu ukishika mwiko ukasonga ugali, wewe utazipata."

Nimeligeuza hilo neno mara nyingi na bado sijui kama ni haki. Kusema ukweli kumeninyang'anya usukani, kunyamaza kumempa. Hata hivyo sisemi Mama kanionea. Mkono ni wake.

Sasa hivi kazi yangu ni kugeuza mpunga kwenye maturubai mbele ya ghala. Kila asubuhi fundi anafika, anapiga jeki upande mmoja mpaka gurudumu linaning'inia, anatandika gunia, anaingia chini, anaupima kwa vidole mpira mpya aliouweka, mrefu wa kutosha. Handibreki ameitengeneza siku ya kwanza, bila kuambiwa. Anafanya vizuri, na hilo linanichoma kuliko jiwe. Akitoka ananipigia honi. Shokapu zangu zinashuka kwenye mashimo ya Mofu, zinashika, zinatoka, na nyuma wanaimba.

Plasta ilitolewa wiki iliyopita. Jana Mama alikuja ghalani, nikamwamkia, na kabla hajaitika macho yangu yalikuwa mkononi kwake. Aliona. Akaokota reki yangu kwa mkono wa kulia, akavuta mpunga mara moja, mara mbili, reki ikamponyoka ikaanguka kwenye turubai.

"Marahaba," akasema.

Nikainama nikaiokota, nikaendelea kugeuza.