Mguu Uliotangulia Diski

Ukitaka kugombana nami, panda teksi yangu pale Luano, kaa vizuri, halafu uniambie nizime jazi niweke rumba. Rumba naipenda, nimelelewa nayo, hata harusi yangu ilichezwa kwa rumba. Lakini gari ni langu, na kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini ni mimi ninayechagua muziki. Abiria mmoja aliwahi kuniuliza, kwa heshima zote, ninaomboleza nani. Nilipandisha sauti ya muziki.

Ugonjwa huu niliupata kwa jirani yangu wa Kamalondo, mfanyakazi wa reli, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa na gramafoni, mashine ya diski aliyoinunua kwa mhandisi mmoja wa mgodi aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na sanduku zima la diski za jazi. Kila Jumapili baada ya misa alifungua dirisha la sebule, na sisi wenye masikio tukaingia. Zamani tulikuwa wengi, wengine wakikaa hata kizingitini. Siku hizi tumebaki wanne: mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, mama mmoja wa familia iliyotoka Kasai anayeuza viatu, na mjane wa marehemu, mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Mama tu.

Desturi yetu haijabadilika. Kila mmoja anakuja na muziki anaotaka wenzake wausikie. Tunausikiliza mpaka mwisho, kimya, halafu ndipo ugomvi unaanza. Mwalimu anapenda piano peke yake, ile yenye nafasi kubwa kati ya noti na noti, mpaka unadhani mpigaji amekwenda kunywa maji. Mimi ni mtu wa tarumbeta, na asiyependa tarumbeta simwelewi. Mama wa viatu analeta bendi kubwa kwenye simu yake, na tukizisema vibaya anatuambia kwamba sisi ni wazee wa makumbusho. Ukipenda kitu cha mwenzako, unakibeba wiki nzima na Jumapili inayofuata unatoa habari zake. Piano ya mwalimu imenipotezea abiria wengi.

Juu ya yote hayo kulikuwa na sheria ya marehemu. Rumba ni ya kucheza, alisema, jazi ni ya kukaa. Ukitikisa bega tu, alikutazama mpaka bega likatulia. Mimi niliishika sheria hiyo kuliko yeye mwenyewe, na niliwahi kumtoa nje shemeji yangu kwa sababu ya kupiga vidole.

Aliyeteswa na sheria hiyo alikuwa mke wake. Kabla ya ndoa, Mama alikuwa mchezaji hasa, wa kumaliza soli za viatu katika ukumbi mmoja wa hapahapa Kamalondo. Sasa, kulikuwa na diski moja ambayo marehemu aliipenda kuliko zote, saksafoni na piano, ngoma kwa nyuma, bila maneno, na wimbo wake ndio ule ambao orkestra ya ukumbini iliupiga enzi za usichana wa Mama. Kila diski hiyo ilipoanza, mguu wa Mama chini ya meza ulianza kugonga sakafu, na kila mara uliitangulia. Saksafoni iko hapa, mguu umekwisha kufika kule. Marehemu alicheka mpaka machozi. Alisema mguu wa mke wake hauna masikio. Mama alijitetea kwamba ukumbini wimbo ulikwenda hivyo, naye marehemu akajibu kwamba orkestra za ukumbini zina haraka, zinataka watu watoe jasho wanunue bia. Sisi tulimuunga mkono, maana tulikuwa wataalamu.

Na utaalamu wetu ulikuwa wa hatari. Jumapili moja mama wa viatu alituletea wimbo uleule kwenye simu. Ulikimbia, na saksafoni ilikuwa juu, nyembamba, ina furaha isiyo na adabu. Tulimcheka. Mwalimu alimweleza, akihesabu hoja kwa vidole, kwamba simu ni kitu kidogo, kwa hiyo muziki lazima ubanwe ndipo uingie, na kitu kilichobanwa hutoka kwa mbio. Mimi nikaongeza kwamba ndiyo sababu vijana wa leo hawatulii. Mama wa viatu alitutazama mmoja mmoja.

“Sawa, bakubwa,” alisema, akarudisha simu mkobani. Sawa ile ilikuwa na pilipili.

Marehemu alipotuacha, tulidhani Jumapili zimekwisha. Mama ndiye aliyetuita. Kiti cha mumewe alikiacha palepale karibu na mashine, na hakuna aliyekikalia. Mtoto wake wa kiume anayeishi Likasi alitaka ahamie kwake, kila siku simu, kila siku maneno yaleyale, mama unafanya nini peke yako katika nyumba kubwa. Mama alitwambia wazi kilichomzuia. Ile diski ikipigwa, alisema, anamsikia bwana yake amekaa pale. Siku mashine ikinyamaza, atafunga nyumba aende. Nilijua hatanii, na tangu siku hiyo niliiangalia mashine ile kwa hofu.

Masika iliyopita ikanyamaza. Tena katikati ya diski hiyohiyo. Saksafoni ilishuka, ikashuka, ikawa sauti ya ng'ombe, ikasimama. Mwalimu aliifungua na kukuta ndani, mahali pa mkanda wa kuzungusha, kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa fundo, kimeoza na kukatika. Ni mhandisi aliyekitia kabla hajaiuza, kwa sababu marehemu hakuwahi kuigusa mashine kwa bisibisi. Mwalimu alikishika kipande kile kwa muda mrefu. Alikivuta, akakiachia, akakitia mfukoni.

Wiki hiyo Mama alianza kukunja mapazia. Mtoto wake alipanga kutuma gari la kuchukua vitu. Nilikasirika, sijui na nani. Nilimkaripia abiria asiye na kosa, nikamrudishia nusu ya nauli kwa aibu. Aliyefanya la maana ni mama wa viatu: alipiga picha mashine juu na chini, akasafiri Johannesburg kuchukua mzigo wake, na alipotua Luano nilikuwa namngoja mlangoni. Alinipa kibahasha kabla hata ya kunisalimu. Ndani mlikuwa na mkanda mpya wa kiwandani, mweusi, laini.

Jumapili ile Mama alitukaribisha kwa chai na maandazi, amevaa vizuri, lakini sebule haikuwa na mapazia na masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani. Mwalimu alitia mkanda. Mama aliitoa diski mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa, akaweka sindano.

Ikaruka. Sina neno lingine. Saksafoni ilitoka juu, inacheka, piano inaifukuza nyuma, na ngoma ambazo tulizijua za kulala zilikuwa macho kabisa. Mama alishika ukingo wa meza.

“Hii haiko ile ya bwana yangu,” alisema. “Muliiharibu.”

Moyo wangu ulianguka. Nilimgeukia mama wa viatu na kumuuliza kwa ukali kama ametununulia mkanda wa simu. Ni mwalimu aliyenizuia. Alivua miwani, na kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo mabaya ya mtihani, akasema kwamba mkanda huu ndio wa haki. Mpira wa baiskeli ulikuwa unateleza, mashine ikazunguka polepole, na sisi miaka yote tulisikiliza muziki uliochoka. Nikamuuliza kama ni diski hii tu. Akasema ni zote. Nilizikumbuka tarumbeta zangu zote, zile nzito za huzuni nilizowasimulia abiria, nikatamani kukaa chini, lakini nilikuwa nimekwisha kukaa. Mama wa viatu alitoa simu mkobani, akailaza katikati ya meza, akakunja mikono.

Ndipo tukasikia sakafu ikigongwa.

Ulikuwa mguu wa Mama. Ulikuwa unagonga chini ya meza kama siku zote, ila safari hii haukutangulia wala haukuchelewa. Saksafoni iko hapa, mguu uko hapahapa. Sote tuliinama kuutazama. Mama naye aliinama, akautazama mguu wake kama mgeni aliyefika bila taarifa, halafu akainua uso polepole na kukiangalia kile kiti.

“Unaona, Papa? Muguu yangu ilikuwa inajua. Ulinikalisha bure.” Akacheka. Kisha kicheko kikavunjika. “Na weye ulikufa bila kuisikia.”

Nililia, siwezi kuficha. Mwalimu alipangusa miwani iliyokuwa safi. Mama alivua viatu, akaja mbele yangu, mimi mlinzi wa sheria, akaninyooshea mkono. Nilimkumbusha kwamba jazi ni ya kukaa. Akaniambia nisimame.

Mimi sichezi vizuri, na mama wa viatu alihakikisha kila mtu anajua. Lakini Mama alicheza kwa ajili yetu wawili. Alizunguka katikati ya masanduku bila kugusa hata moja, mabega chini, shingo imenyooka, na kila tulipopita karibu na kile kiti aliupitisha mkono wake kwenye mgongo wa kiti. Diski ilipokwisha alimwambia mwalimu arudie. Ya kwanza ilikuwa yangu, alisema, hii sasa ni ya bwana yangu mwenyewe.

Tulikuwa katikati ya hiyo ya pili simu yake ilipolia. Mtoto wake wa Likasi alitaka kujua gari lije saa ngapi. Mama aliibana simu kati ya sikio na bega, bila kuniachia mkono wala kupunguza mwendo.

“Usitume motokari,” alisema. “Niko nacheza na papa yako.”