Amri Moja Tu kwa Mto Tana

Siku yangu ya kwanza kazini katika ofisi ya vipimo vya mto, Garsen, Msimamizi alifunua kompyuta iliyofunikwa kitambaa kuzuia vumbi, akasema, "Ukiiharibu hii, wewe na mimi tutaenda kuchunga ng'ombe wa watu." Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nimemaliza kidato cha nne juzi tu.

Tulipokea kwa redio vipimo vya maji ya Tana kutoka vituo vya juu ya mto, tukaviingiza kwenye mashine ili itoe wastani. Mhandisi aliyetujia mara mojamoja kutoka makao makuu alikuwa ametutungia lugha ndogo ya kompyuta yenye amri za Kiswahili: SOMA, JUMLISHA, GAWA, CHAPA. Kila alipotutembelea aliiongezea amri.

Msimu wa mvua kubwa Mhandisi alifika akiwa na matope hadi magotini. "Barabara inakatika, naondoka kesho asubuhi. Nina muda wa amri moja. Mnataka ipi?"

"CHORA," Msimamizi akadakia. "Wafadhili wanapenda picha."

Mimi nilitaka nyingine. Kituo cha Nanighi, kimojawapo cha vile vya juu, kilikuwa kimya siku ya tatu, na lugha yetu ilihesabu kimya kuwa sifuri. Kituo kikinyamaza, mashine husema maji yanapungua. Nilitaka amri ya HAIJULIKANI, iache pengo badala ya kuweka sifuri. Niliitaja kwa sauti ya chini.

Msimamizi akacheka. "Kijana, nani atakuja kutazama kitu kisichojulikana?"

Nikanyamaza. Mkataba wangu ulikuwa mikononi mwake.

Kesho yake, Mhandisi akiwa ameshaondoka, mchoro ulitoka, mstari ukiteremka vizuri. Mzee Komora, mkulima wa kijiji cha Ndera kando ya mto, akaja kuuliza kama watu wake wahame. Msimamizi akamwonyesha karatasi. "Yanashuka, mzee. Kaeni."

Mzee akanigeukia mimi. "Mwanangu, Nanighi wasemaje?"

"Nanighi hatujui, baba. Hawajasema neno."

"Hamjui? Sasa hapa mumechora nini?"

Alitoka bila kuaga. Ndera wakahama na watoto, mbuzi na magunia ya mahindi. Siku mbili baadaye mto uliingia katika nyumba zao, hamna mtu ndani.

Mkataba wangu haukuongezwa. Nimetangatanga tangu hapo, Hola, Kipini, Malindi, kazi hii na ile, na sasa nimetulia. Vijana wa kompyuta nikiwasimulia huniita shujaa. Huwakatiza. Mzee yule asingenigeukia, ningenyamaza. Najua ningenyamaza.