Mboga za Mzee Yahye

Mzee Yahye, dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa, alikuwa na miaka sitini na miwili na hajawahi kununua hata fungu moja la mboga. Chakula kwake kilikuwa nyama, wali, maziwa na chai. Ndizi alikula pamoja na wali, basi. Majani, alisema, yaliumbiwa mbuzi.

Mwaka huu fizi zake zilianza kuvimba na kutoa damu. Muuguzi wa zahanati alimwangalia mdomoni, harufu ikamrudisha nyuma kidogo.

"Mzee, mara ya mwisho ulikula mboga lini?"

"Nikiwa nimelazwa, mwaka juzi. Walinilazimisha."

"Sasa ule kila siku. Na matunda pia, machungwa, mapapai. Ndizi peke yake haitoshi."

Jioni hiyo mkewe, Qali, akapika bamia. Yahye alichota kijiko, kikatoka na utelezi mrefu uliokataa kukatika.

"Haya ni makamasi, wallahi!" Akasukuma sahani, akatoka nje kutema mate.

Kesho yake Qali alikatakata mchicha, akauficha ndani ya mchuzi wa nyama. Yahye akauhisi umemnasa kwenye meno, akauchomoa kwa kidole kama anayetoa mdudu. Siku mbili hakula nyumbani.

Siku ya tatu alikuwa hotelini karibu na soko, akila wali na mbavu za mbuzi kwenye sinia moja na Mowlid, mnunuzi aliyetoka Nairobi. Yahye aling'ata ubavu mmoja, akaurudisha. Mowlid akaacha kutafuna. Wali uliouzunguka ule mfupa ulikuwa umeloa damu.

"Nimeshiba," alisema Mowlid, akaenda kunawa bila kumtazama.

Yahye alibaki na sinia ile mbele yake. Kinyaa kilimshika tena, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe.

Alipofika nyumbani alimwambia Qali, "Lete hayo majani yako." Akaziba pua, akameza mchicha, machozi yakimlengalenga. Bamia alikataa katakata. Papai alilikamulia limau, akalila amekunja uso. Chungwa tu ndilo halikumtia kichefuchefu.

Baada ya wiki kadhaa damu ilikoma. Majirani wakimsifu, huwakatiza.

"Msinisifu. Mboga nazichukia vilevile."

Qali akiziandaa mkekani, yeye huzimaliza kwanza, haraka haraka, ndipo anaivuta nyama karibu.