Aderbal na Ukurasa wa Sitini na Saba

Aderbal Quintão husaga vioo vya miwani. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka thelathini na mmoja katika duka lile lile la Mtaa wa Halfeld, na wateja humsifu kwa sababu macho yake hayapitwi na kosa hata la upana wa unywele. Tatizo ni kwamba akishafunga duka haachi kutafuta makosa.

Sisi tunamjua zaidi kwa Jumamosi. Tangu mwaka 1993, kila Jumamosi saa nane mchana, tunakutana katika chumba cha nyuma cha nyumba aliyoachiwa na mama yake, kule mtaa wa mlimani wa São Mateus, kucheza mchezo wa kusimulia. Mmoja wetu huendesha dunia: anasema mvua inanyesha, lango limefungwa, nyuma ya lango kuna mtu anakohoa. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka tunarusha dadu. Aderbal ndiye mwendeshaji, hajawahi kukaa kiti kingine. Tunamwita Mkuu. Jina hilo lilianza kwa utani, ila yeye hakuupokea kama utani.

Tulianza tukiwa tisa, tumebaki wanne. Yupo Aderbal. Yupo Dirceu, anayepanga zamu za madereva katika kampuni ya mabasi. Yupo Ivonete Lacerda, wa maabara ya kupima damu. Nipo na mimi, ambaye huandika yaliyotokea, kwa hiyo wananiita Katibu. Madaftari yamefika thelathini na nane, na yote yana tarehe.

Sisi ni watu wa fotokopi. Enzi zile kitabu cha kanuni hakikupatikana mjini kwetu. Mwanafunzi mmoja alikuja nacho likizo kutoka Rio, Aderbal akakiazima kwa siku mbili, akakipeleka chote kwenye mashine ya duka la vifaa vya ofisini karibu na chuo kikuu. Alikifunga kwa waya, akakivisha kitambaa cha plastiki cha meza ya jikoni, na tangu hapo hicho ndicho kitabu. Mtu akitokea na toleo jipya lenye picha za rangi, Aderbal humtazama kama anayemtazama mtu aliyejiita daktari kwa kununua koti jeupe.

Kosa la kumwonyesha vile vipindi lilikuwa la Dirceu. Ni vipindi vya mtandaoni ambamo watu wasiowahi kucheza hukalishwa mezani mbele ya kamera, hufundishwa huku wanacheza, na maelfu ya watu huwatazama. Kile Dirceu alichomletea kinaitwa “Hatujui Tunachofanya”, na katika jina hilo hakuna uongo. Kinatengenezwa mjini Belo Horizonte. Meza inamulikwa taa za zambarau. Mwendeshaji ni dada mmoja mchangamfu, Rayane, mwenye sauti ya kutangaza sabuni. Wachezaji ni watatu: mwalimu wa mazoezi ya viungo, msusi, na mpishi wa keki. Mpishi wa keki aliwahi kumlilia nyumbu wake wa mizigo dakika nane, nyumbu aliyekuwapo katika hadithi kwa dakika kumi. Nilipima kwa saa. Wanacheka kabla ya kichekesho kufika. Kitu kilichonichoma mimi ni kwamba wanakaa saa tatu na hakuna hata mmoja mwenye penseli.

Aderbal alikichukia kipindi hicho tangu dakika ya kwanza, na tangu siku hiyo hajakosa hata kimoja.

Mwanzoni ilikuwa robo saa, kabla ya kucheza, tukila mikate midogo ya jibini na kahawa. Alikaa na rimoti mkononi, akasimamisha picha, akatuonyesha: hapa mchezaji amejumlisha mara mbili, hapa ameuliza jambo ambalo mhusika wake hawezi kulijua, hapa Rayane amemwacha apite kwa sababu ana meno mazuri. Tulicheka, sikatai. Robo saa ikawa nusu, nusu ikawa saa mbili. Madaftari yangu yanasema hivi: mwaka juzi tulicheza Jumamosi arobaini na nne, kwa wastani wa saa tatu. Mwaka jana ilikuwa dakika hamsini. Mwaka huu, tangu katikati ya Mei, sifuri. Tulikuwa watu wanne wazima tunaopanda mlima wa São Mateus kila wiki kwenda kuwazomea watu watatu wasiotusikia.

Mwezi huo wa Mei ndipo alipoanguka Benedita.

Benedita ni mhusika wa Ivonete, mlinzi wa daraja ambalo mtawala mmoja alilifunga, na kwa miaka kumi na mmoja ya Jumamosi zetu alikuwa akihangaika lifunguliwe. Ivonete hakuomba dhahabu wala upanga wa ajabu. Alitaka daraja lile lifunguliwe, basi. Siku hiyo alikuwa amebakiza hatua chache afike langoni, mshale ukampata, alama zake za uhai zikafika sifuri. Mezani kwetu sifuri ni kifo. Aderbal akatazama saa, ilikuwa kumi na moja jioni, akafunga kitabu, akasema tutamzika Jumamosi ijayo. Jumamosi hiyo ikaanza awamu mpya ya “Hatujui Tunachofanya”, na Benedita akabaki pale pale chini.

Juni, Ivonete akapata barua ya uhamisho. Kuanzia Septemba atakuwa maabara ya Uberaba, safari ya usiku kucha kwa basi. Jumamosi yake ya mwisho nasi ingekuwa tarehe 30 Agosti. Alitwambia hivyo bila kulalamika, akaongeza kwamba angependa hadithi ya daraja iishe yeye akiwa bado anakaa mezani, hata ikiisha vibaya. Aderbal alisema bila shaka, kisha akawasha video.

Julai ilitokea kwamba mhusika wa msusi naye akafika sifuri. Tukamsubiri Rayane amzike. Hakumzika. Alimwambia arushe dadu: akipata kumi au zaidi, bado anapumua, na mwenzake anaweza kumfunga jeraha. Msusi akapata kumi na nne, mpishi wa keki akalia tena.

Aderbal akasimamisha picha. Alisema hiki ndicho kizazi chenyewe, mtu amekufa wanamfunga leso. Aliendelea kwa muda mrefu, na sehemu kubwa sikuiandika.

Ivonete alingoja amalize. “Mkuu, hiyo kanuni wameitoa wapi?”

“Wameitoa kwenye huruma,” Aderbal akasema. “Wanaogopa watazamaji wao watalia.”

Jioni hiyo akawaandikia maoni chini ya video, mistari arobaini na miwili. Alituonyesha kabla ya kutuma, nikamrekebishia koma mbili. Aliwaeleza kwamba yeye ameendesha meza kwa miaka thelathini na miwili kwa kitabu cha asili, na kwamba kanuni hiyo ya kufufua watu haimo.

Rayane alijibu baada ya siku nne. Alimshukuru sana, akamwita mzee wetu, jambo ambalo Aderbal, mtu wa miaka hamsini na miwili, alilisoma mara tatu. Akaambatanisha picha. Mjomba wake alikuwa na kitabu hicho hicho cha asili, toleo hilo hilo, na hii hapa kanuni, ukurasa wa sitini na saba, mstari wa tatu kutoka juu.

Tukaifungua fotokopi yetu. Baada ya ukurasa wa sitini na tano unakuja wa sitini na nane. Mwaka 1993, mtu alifunua karatasi mbili kwa pamoja. Ukurasa wa sitini na tano unamalizia kwa kusema kwamba anayefika sifuri hawezi tena kuwasaidia wenzake katika pambano hilo. Wa sitini na nane unaanza na jedwali la uzito wa mizigo. Katikati ya kurasa hizo mbili sisi tulichimba makaburi.

Wiki hiyo nilipitia madaftari yote. Wahusika thelathini na watatu walikufa kwa sifuri bila kurushiwa dadu. Kati ya wachezaji watano waliotuacha, wanne waliondoka ndani ya mwezi mmoja baada ya kuzika mhusika. Mmoja wao, Nivaldo, aliondoka akisema amechoka na misiba, tulimwona mlegevu. Nikasoma orodha hiyo mezani.

“Saba hapo ni wangu,” Dirceu akasema. “Saba, Mkuu. Yule kasisi nilimtungia hata wimbo.”

Aderbal hakukubali wala hakukana. Alisema mkono ulioruka karatasi zile ulijua unachofanya, maana meza yetu ilikuwa nzito kwa sababu kifo kilikuwa kifo. Mkono wenyewe ulikuwa wake. Jumamosi tatu zilizofuata alileta jalada la utetezi. Alikuwa ametazama upya vipindi vyote na kuandika kila mahali ambapo mtu aliyeokolewa alifanya upumbavu baadaye, pamoja na dakika na sekunde. Kwa upande wa unadhifu sina la kumlaumu. Ivonete alikaa Jumamosi zote tatu, akatazama, akaondoka na mwavuli wake.

Tarehe 30 alikuja na mikate ya jibini ya moto aliyoioka mwenyewe. Aderbal alikuwa ameshawasha video. Ivonete akaweka sahani mezani, akaenda kusimama mbele ya runinga.

“Mkuu, zima kidogo.”

“Dakika tano tu. Kuna mahali msusi anaharibu kila kitu, na inahusu suala lako hasa.”

“Suala langu limelala langoni miezi mitatu na nusu. Mimi kesho nasafiri.”

“Amekufa, dada. Nikufiche?”

“Usinifiche. Niache nirushe, kama amekufa dadu litasema.”

“Meza hii hairushii maiti.”

“Meza hii hairushii mtu yeyote,” Dirceu akasema, mkate mdomoni. “Tangu Mei tunamtazama msusi. Namjua yule mama kuliko shemeji yangu.”

Ivonete hakungoja ruhusa. Alitoa dadu lake mkobani, lile lenye nyuso ishirini, akalirusha pale pale kwenye kitambaa. Likasimama kwenye kumi na sita. Nikaandika. Aderbal alilitazama dadu kwa karibu, kama kioo kilichorudishwa na mteja.

“Haya,” Ivonete akasema, akivuta kiti. “Anapumua. Amefumbua macho. Anaona nini?”

Hapo ndipo ilipokuwa kazi ya mwendeshaji. Aderbal akafungua jalada lake. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Nilikaa ubavuni kwake, niliona: Rayane, dakika ya kumi na mbili, mpishi wa keki, dakika ya arobaini, msusi, msusi, msusi. Daraja halikuwamo. Akaniuliza kwa sauti ndogo nani alikuwa analinda lango. Nikamsomea kutoka daftari la thelathini na tano: nahodha mwenye sikio moja, anayeogopa maji. Alimbuni yeye mwenyewe, mwaka 2019, na siku ile tulimpigia makofi.

“Huyo,” Aderbal akasema. “Yuko hapo.”

“Anafanya nini?”

“Amesimama.”

“Anasema nini, Mkuu?”

Mtu huyu, ambaye angeweza kukwambia neno kwa neno alichokosea msusi mwezi wa Machi, hakuwa na neno la kumpa nahodha wake. Akarudi kufunua jalada. 

Mwishowe Ivonete alisema basi yeye Benedita anatambaa mpaka langoni. Dirceu akasema nahodha anamzuia, akamtolea nahodha sauti ya mbuzi, sijui kwa nini. Mimi, ambaye kwa miaka thelathini na miwili sijawahi kuisemea dunia, nikasema mto umejaa na nahodha anarudi nyuma kwa woga. Tulikatizana. Dirceu alisahau kwamba lango linafunguka kwa ndani. Ivonete alipanda ukuta aende kulifungua bila kurusha dadu, akakumbuka, akarusha, akakosa, tukaamua kwamba alikuwa ameshapanda. Lango likafunguka, watu wakavuka, mwanamke mmoja akavuka na ng'ombe. Miaka kumi na mmoja ikaisha kwa dakika ishirini na tano, na haikuwa kazi nzuri. Ivonete alitabasamu muda wote, nusu ya muda huo akiwa ameziba mdomo.

Aderbal alitutazama kutoka kwenye kiti chake. Tulipomaliza aligeuza jalada upande wa nyuma, mahali alipokuwa ameandika kwa penseli, akasema kuna makosa manne, akayasoma moja moja kwa utaratibu. Matatu yalikuwa ya kweli. Ivonete alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali yale matatu, akabishana naye kuhusu la nne, kisha akaosha sahani yake na kwenda nyumbani kufunga mizigo.