Machipukizi Kwenye Mguu wa Bukuru

Ungekubali mguu wako ukatwe kwa sababu tu unaishi mbali na hospitali kubwa? Usinijibu mimi, jibu moyoni mwako. Bukuru wa Bugarama aliletewa swali hilo kwa barua yenye mhuri. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kupalilia.

Bukuru ni mkulima wa migomba, mwenye miaka hamsini na kitu. Aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, na tangu ajue kushika jembe hajalitua. Mkewe, Kankindi, husema mume wake anaijua migomba yake mmoja mmoja kuliko anavyowajua shemeji zake.

Kidonda kilimpata miaka saba iliyopita, siku ya kuivisha ndizi za pombe. Shimo lilikuwa limechimbwa, moto umewashwa ndani kulipasha joto, majani yametandazwa juu. Bukuru alikuwa akirudi nyuma na mkungu begani, akakanyaga majani akidhani ni ardhi. Mguu wa kushoto ukazama kwenye makaa. Ngozi ya muundi ikavuka kama soksi.

Pembeni kidonda kilifunga, katikati kikagoma. Mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa saba, kilibaki pale, kipana kama kiganja, kikitoa maji na kunuka, mpaka mwenyewe akajizoeza kukaa mwisho wa benchi kanisani. Huko hospitali kubwa walimwambia kidonda cha miaka mingi huweza kugeuka saratani. Barua ikampa tarehe ya kurudi, baada ya mavuno ya maharage, mguu ukatwe chini ya goti. Mkulima wa milimani, na mguu mmoja! Walioandika hawakuwa watu wabaya. Waliona anaishi mbali mno kuoshwa kidonda huko kila mara, wakachagua njia nyepesi. Lakini nyepesi kwa nani?

Siku moja alisikia redioni habari za seli shina, kwamba huko ng'ambo zinatumika kufunga vidonda vilivyoshindikana. Kesho yake alichukua fimbo, akatembea hadi kituo cha afya. Aliyekuwa zamu ni tabibu Fathiya, binti wa wenye maduka wa Biharamulo mjini, aliyewaachia kaka zake duka la vitambaa akaja kuosha vidonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari. Nimefuata seli shina."

Fathiya aliweka kalamu chini. "Hata huko ng'ambo nyingi bado ziko kwenye majaribio, baba. Mimi hapa friji yangu naifunga kwa kamba."

"Basi niambie zinapatikana wapi nizifuate."

"Uzifuate wapi na unazo mwenyewe?"

"Usinicheke, mwanangu. Nina kidonda, sina mchezo."

"Sikucheki." Alimgusa paja, akavuta unywele mmoja taratibu. "Hapa, kwenye mizizi ya nywele na chini kabisa ya ngozi, ndipo zinapokaa. Ndizo zinazozaa ngozi mpya kila siku. Kwani mgomba unaupanda kwa mbegu?"

"Mbegu ya wapi? Kwa chipukizi."

"Chipukizi unalitoa wapi?"

"Ubavuni mwa shina la mama yake."

"Haya. Kuna njia ya zamani. Nakutia ganzi, natoa vipande vya ngozi ya paja, vidogo kama punje za mahindi, na seli zake ndani. Navipandikiza kwenye kidonda kwa mistari. Vikishika, vinatambaa mpaka vinakutana."

Bukuru alifikiri. "Nafasi kati ya mstari na mstari ni kiasi gani?"

Fathiya akacheka mpaka akafuta macho. Hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza hilo.

Kwanza walisafisha. Wiki tatu nzima Bukuru alikwenda na kurudi, akioshwa na kufungwa, kwa maana mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Kidonda kilipokuwa chekundu na safi, Fathiya alipandikiza punje zake, akafunika kwa kitambaa cha mafuta, akazungusha bandeji, akaonya: "Usifungue. Siku ya sita nitafungua mwenyewe."

Sasa lisikilize kosa, na kabla hujacheka ujue kwamba nusu ya wilaya ingelifanya. Kwa miaka mingi ugonjwa wa mnyauko umekula migomba ya huku, na mabwana shamba wamezunguka kijiji kwa kijiji wakihubiri neno lile lile: ukiona mgomba mgonjwa usiuonee huruma, ng'oa, zika, choma panga kwenye moto kabla hujagusa mwingine. Bukuru aliokoa shamba lake kwa neno hilo. Basi siku ya tatu, kidonda kilipomwasha, alifungua kuchungulia tu. Akakuta punje zimekuwa nyeusi. Hakupiga kelele wala hakumwita mtu. Alichoma wembe kwenye moto, akang'oa punje moja, akauchoma tena, akang'oa ya pili, hadi mwisho. Akazizika nyuma ya nyumba. Akaenda kituoni akitembea kama mtu aliyezima moto.

"Baba!" Fathiya alishika kichwa. "Umeng'oa shamba zima!"

"Zilikuwa zimenyauka, daktari. Ningeziacha ziambukize nyingine?"

"Ngozi ya juu hunyauka! Ya juu hufa ikawa nyeusi. Seli zenyewe ziko chini."

Ukingoni mwa kidonda, chini ya uzi wa bandeji uliogandia, zilibaki punje mbili ambazo wembe haukuziona. Fathiya aliloweka uzi, akaunyanyua kwa koleo. Weusi ulitoka nao. Chini yake palikuwa na ngozi changa ya waridi.

Bukuru aliinama akaitazama. "Kumbe nimezika watoto wazima," alisema.

Kisha akatoa ile barua mfukoni, akaiweka mezani. Zilibaki wiki mbili. "Nipande tena."

"Nafasi ni hii tu kabla ya tarehe yao. Ukiharibu tena, sina cha kuwaambia."

"Nipande."

"Daktari," alidakia Kankindi, aliyemfuata mumewe kituoni, kutoka mlangoni, "ukimaliza mguu umfunge na mikono."

Punje mpya zilipandikizwa, mguu ukafungwa; Bukuru hakufungwa mikono. Alirudi nyumbani, akampa mkewe wembe, kisu na panga, akalala na mguu juu ya gunia la maharage. Mvua ikaja, majirani wakaingia mashambani, yeye amelala. Mimi nasema huo nao ni ujasiri. Tumezoea kuwasifu wanaokimbilia hatari. Nani anamsifu mkulima anayelala chali mvua ikinyesha, akiutetea mguu wake kwa kutofanya lolote?

Siku ya tano alikuja jirani yake, Niyomugabo, matope hadi magotini.

"Mwanamume mzima umelala kama kuku anayeatamia!"

"Ninaatamia."

"Fungua basi tuone mayai. Bwana shamba si alisema shamba lisilokaguliwa huliwa na ugonjwa?"

"Bwana shamba hajawahi kupanda mguu."

Niyomugabo alicheka, kisha akainama, akanusa, akaacha kucheka. "Ndugu yangu, panatoa harufu. Na kama panaoza humo ndani?"

Bukuru mwenyewe aliisikia harufu hiyo tangu asubuhi. Chini ya bandeji paliwasha kana kwamba siafu wanapita. Mkono wake ulikwenda wenyewe hadi kwenye fundo, kidole kikaingia chini ya kitambaa. Kankindi alisimama mlangoni na ufagio.

Bukuru aliutoa mkono, akaukalia.

"Kama panaoza," alisema, "pataoza bila mimi kupagusa. Nenda kapande mahindi yako, Niyomugabo."

Asubuhi iliyofuata Fathiya alifika kwa bodaboda, boksi la vifaa mapajani. Alinawa, akakata bandeji, akamimina maji ya chumvi juu ya kitambaa, akasubiri kilowe. Kilipotoka, Bukuru aliona kile alichokiona mara ya kwanza: mistari ya punje nyeusi, nyeusi tititi. Mikono yake ilikuwa bado chini ya mapaja, na aliiacha huko huko.

Fathiya aliigusa punje ya kwanza kwa ncha ya koleo. Weusi ukavuka kama ganda la harage lililochemka. Chini yake palikuwa na ngozi ya waridi, yenye unyevu, imeshika, na pembeni utando mwembamba, mweupe, ulikuwa umeanza kutambaa kwenda kwa jirani yake.

Kankindi alipiga magoti, akasogeza uso karibu mpaka Fathiya akamsukuma kwa kiwiko.

"Harufu ni ya hii ya juu iliyokufa; sasa ninacho cha kuwaambia wenye barua," alisema Fathiya.

"Ya pili," alisema Bukuru.

Koleo likashuka kwenye punje ya pili, na weusi wake nao ukavuka.