Somo Lililokwama kwa Ikupa

Ikupa wa Ilomba hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwita Mwalimu, kama walivyomwita watu wote, tangu alipokuwa akifundisha hesabu huko Rungwe mpaka alipostaafu wakaja kujenga Ilomba, Mbeya mjini. Yeye mwenyewe aliishia darasa la pili. Alijua kuandika jina lake na kutafuta namba ya wimbo kanisani, basi.

Alipokuwa bado bibi arusi, aliwahi kumwambia mumewe, "Mwalimu, nifundishe na mimi jioni jioni." Mwalimu alicheka, kicheko kizuri tu kisicho na ubaya, akasema, "Wewe unanitosha hivyo hivyo." Ikupa akaenda zake kukoka moto. Hakuomba tena. Kuomba mara mbili hakukuwa tabia yake.

Miaka ikaenda. Mwana wao Benjamini, dereva wa malori ya Tunduma, akaoa Igowole, kule Mufindi, akamleta Lusia nyumbani. Binti mtaratibu, mwenye mikono iliyokulia kwenye kuchuma chai. Kidato cha nne alikuwa amefeli, na Ikupa hakuona kasoro yoyote hapo. Binti alijua kupika, alijua kulima viazi, alipiga magoti akisalimia. Alipozaa Bupe, wakaanza kumwita mama Bupe, na mambo yalikuwa mazuri.

Kumbe binti ana lake moyoni. Akaanza kusoma. Si kwenda shule, la. Kusoma palepale jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, huku anamenya ndizi. Akarudia mitihani ya kidato cha nne kwa kujitegemea, akafaulu. Akaunganisha na kidato cha sita, akaunganisha, mpaka akaingia chuo kinachofundisha kwa masafa. Vitabu vinakuja kwenye simu, na mara mojamoja anapanda basi kwenda Iringa kuonana na walimu na kufanya mitihani. Alitaka shahada ya ualimu.

Mtaa ukapata cha kuongea. Prisca, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimpigia Ikupa kelele pale bombani mbele za watu.

"Mama Beni! Nasikia mkweo anasoma digrii ya bando! Sasa bando likiisha, na akili inakata?"

Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Ikupa naye akacheka, na kicheko chake kikawa kirefu kuliko cha wote.

Akirudi nyumbani anamgeukia mkwewe. "Mama Bupe, hiyo shule yako mbona haina kengele?"

"Ipo, mama," Lusia anajibu bila kuinua macho. "Ukiniita, ndiyo kengele yenyewe. Naacha kusoma naja."

Jibu lenyewe la adabu, lakini lilimchoma Ikupa asijue limemchoma wapi.

Sasa kuna jambo moja la nyumba ile. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mwana humwepuka baba mkwe. Hawaangaliani, hawakai chumba kimoja, hawasemeshani. Wengi wa mjini wameshaacha, lakini kwa Mwalimu ilishikwa. Akitaka kutoka uani alikohoa kwanza, Lusia akapisha nyuma ya jiko. Na kama mmoja ana neno kwa mwenzake, neno hilo lilipita kwa Ikupa. Yeye ndiye aliyekuwa njia. Chakula, salamu, habari za mtoto, vyote vilipita mikononi na mdomoni mwake.

Basi Lusia akafika kwenye somo la takwimu, likamshinda. Akarudi na kitu wanachokiita sapu, maana yake umeanguka, urudie. Akalia jikoni, na kilio kikapenya mpaka chumbani.

Mwalimu akamwita mkewe. "Analilia nini mtoto?"

"Hesabu."

Mzee akakaa wima kitandani, akawa kama mtu aliyeitwa kazini. "Hesabu? Mwambie asilie. Hesabu mimi ninayo. Nitamweleza fundi atengeneze benchi hapo nje chini ya dirisha. Akae pale, ageukie bustani, mimi nikae huku ndani. Nitasema, atasikia. Akiandika, wewe unaniletea karatasi, nasahihisha, unampelekea. Heshima haivunjiki. Umeona, mama Beni?"

Ikupa aliona. Alijiona yeye, bibi mzima, anakimbizwa na karatasi mlangoni, kuingia, kutoka, karatasi za maneno asiyoyajua. Mwaka ule wa uarusi hakukuwa na dirisha wala desturi kati yao, walikuwa meza moja, na hakufundishwa hata herufi. Leo mtoto wa kuja anatengenezewa na benchi!

"Nitamwambia," akasema.

Akaenda jikoni. Lusia akafuta macho, akangoja.

"Baba yako anasema digrii ya jikoni haijawahi kuonekana," Ikupa akamwambia. "Anasema uache kumpigia kelele."

Na jioni, alipopeleka maji ya kuoga, akamwambia mumewe, "Nimemwambia. Amesema hahitaji. Anao walimu wake kwenye simu."

Mwalimu akasema, "Basi."

Lakini fundi alikwisha kuagizwa. Benchi likaja, likapigiliwa chini ya dirisha. Hakuna aliyemweleza Lusia ni la nini, naye akawa anafudikiza masufuria juu yake yakauke.

Lusia akarudia lile somo, akapata sapu tena. Wenzake aliokutana nao Iringa wakavaa majoho wakaenda zao kwenye ajira, yeye akabaki na somo moja. Hakulia tena kwa sauti. Alibana midomo, akasoma kwa hasira. Salamu kwa baba mkwe hakutuma tena, na Mwalimu naye hakuuliza. Wakati mwingine mzee alisimama dirishani akilitazama lile benchi lililojaa masufuria. Ikupa alimwona. Mara nyingi alifika mpaka mlango wa jiko, neno likiwa tayari mdomoni, kisha akauliza habari ya chumvi. Angeanzia wapi? Kusema kwamba neno la Mwalimu lilikwama kwake ilikuwa sawa na kupiga magoti mbele ya mkwe, na Ikupa hakuwa mtu wa kupiga magoti.

Baridi ya Juni ikaja na kiharusi. Mwalimu akaanguka bafuni, akaamka upande mmoja umelala na maneno yamekwenda. Kilichobaki kwake ni macho, mkono mmoja, na kile kikohozi, ambacho sasa ndicho kikawa jibu lake. Lusia alipika uji, Ikupa akamnywesha.

Mwaka huohuo Lusia akafaulu. Mahafali yakawa Iringa. Akapitia Igowole kumwonyesha mama yake mzazi, halafu akarudi Ilomba na joho limekunjwa kwenye mfuko. Akampigia Ikupa magoti uani.

"Mama, nimemaliza. Nakuomba umpelekee baba hili joho, aliguse tu. Alisema digrii ya jikoni haijawahi kuonekana. Nataka aione."

Ikupa akalipokea. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akaingia, akalitandaza juu ya blanketi. Mkono mzima wa Mwalimu ukatambaa, ukashika kitambaa, ukakisugua kama mtu anayepima bei. Kisha akamtazama mkewe.

"Hakukataa," Ikupa akasema. "Lile benchi. Sikumwambia. Ni mimi."

Mwalimu alimtazama muda mrefu. Kisha akageuza uso ukutani, mkono bado umeshika joho. Ikupa akaliacha hapohapo.

Alipotoka, Lusia alikuwa bado amepiga magoti. "Baba ameonaje, mama?"

Na hapo Ikupa angeweza. Neno tamu lilikuwepo, amefurahi, macho yake yanasema hongera mwalimu. Nani angempinga?

"Inuka kwanza, kaa," akasema. Akamweleza yote, mpaka namna fundi alivyoagizwa.

Lusia hakupiga kelele. Aliyatazama masufuria. "Miaka yote hii, mama, nimesoma kwa kumchukia," akasema. "Na hesabu alikuwa nazo humo ndani."

"Alikuwa nazo."

"Ningekuwa nimeisikia sauti yake angalau."

Lusia akainuka, akaondoa masufuria moja moja akiyapanga chini, akafuta benchi kwa kanga. Akaleta kitabu cha takwimu, akakaa, mgongo dirishani, uso kwenye bustani, akaanza kusoma kwa sauti. Wastani. Mtawanyiko. Alisoma polepole, kama anayesomea mtu wa kumsahihisha.

Ikupa alisimama kati ya jiko na mlango, mikono mitupu. Alitega sikio chumbani. Lusia akamaliza ukurasa.

"Mama," akauliza bila kugeuka, "amekohoa?"

Ikupa akasikiliza tena.

"Bado," akasema. "Soma."