Kadi Nilizomwandikia Baba

Kwa miaka kumi na tisa baba yangu, Orville Stamps, alisimama kando ya kamera kule Burbank akimshikia Denny Quill maneno yake. Denny ndiye mwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni, na nchi nzima ilidhani utani unamtoka kichwani. Ulitoka kwenye kadi kubwa nyeupe alizoandika Baba kwa mkono: wino mweusi maneno ya Denny, wa buluu maneno ya mgeni.

Mwaka ule kipindi cha Krismasi kilirekodiwa mwanzoni mwa Novemba, kama kawaida, nje jua linachoma, ndani inamwagwa theluji ya plastiki. Kilirekodiwa mara mbili: watazamaji wa kwanza waliingia saa kumi na moja jioni, wa pili saa mbili usiku. Hapo katikati, wengine wakila, waandishi hubadilisha utani uliokosa kicheko, na kadi zake huandikwa upya.

Baba alinipigia simu mchana. "Njoo na mtoto. Watadhani umekuja kunitembelea tu."

Nilielewa. Tangu kiangazi mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Kushika kadi aliweza, akizikandamiza kifuani. Kuandika, hapana. Wakijua watamwondoa, na kazi nyingine Baba hakuijua wala hakuitaka.

Tulijifungia chumba cha mavazi. Mwanangu Peggy nilimlaza juu ya rundo la makoti mekundu, nikapiga magoti sakafuni. Herufi zile alinifundisha Baba kabla sijaanza shule.

"Nene zaidi," akasema. "Denny haoni mbali, ila usimwambie mtu."

"Na wewe mkono hautetemeki, nisimwambie mtu."

"Mdomo wa mama yako huo. Andika."

Kwenye kadi ya kumi na nne Peggy akalia. Nikampakata, nikamnyonyesha huku naandika, na kalamu niliyookota ilikuwa nyeusi. Maneno yalikuwa ya mgeni.

Jukwaani mgeni huyo, Viola Marsh, aliigiza mke wa Denny, akaingia na bata mzinga kwenye sinia. Denny akaona wino mweusi, akasoma: "Mama yangu anakuja Krismasi. Atalala chumbani kwetu."

Viola, aliyenyang'anywa maneno yake, akaweka sinia chini polepole. "Mpenzi, mama yako tulimzika mwezi wa tatu."

Watu walicheka hadi Denny akaegemea mti wa Krismasi, ukaanguka naye. Mimi nilikuwa namwangalia Baba. Kadi ilikuwa inapigapiga kifuani pake.

Baadaye Denny akaja, plastiki bado nyweleni. "Orville, hujawahi kukosea rangi. Nani kaandika?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi. "Binti yangu. Mkono wangu umekwisha, Denny."

Denny akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Uliendelea kutetemeka humo ndani. "Ungeniambia, kaka," akasema, kisha akatazama pembeni, na sote watatu tukajua kazi ya Baba imekwisha.

Wiki ya Krismasi majirani walijaa sebuleni kwa Baba kutazama kipindi, kama kila mwaka. Mti ulipoanguka, jirani mmoja alicheka hadi akafuta machozi. "Orville, hapa mwaka huu mmetuua. Nani alitunga?"

Kiti cha Baba kilikuwa kitupu. Nilimkuta jikoni akifuta sahani iliyokwisha kukauka, kwa mkono wa kushoto.

"Wamecheka?"

"Wamecheka, Baba."

Akaiweka sahani kabatini, akachukua nyingine. "Herufi zilikuwa nene," akasema. "Zilisomeka vizuri."